Historia ya Ua la Pareto

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kiongozi wa darasa asome kila sehemu polepole. Wanafunzi wafuate kwa kidole katika ukurasa, kisha wajibu maswali yaliyo mwisho wa somo.

Hamjambo ninyi mliokusanyika darasani huko Tlawi, juu ya ziwa, na ninyi wa Daudi, wa Bashay, wa Kainam, na wa vijiji vyote vya miinuko ya Mbulu. Natumaini kila mtu ana penseli yake na taa imewekwa mahali ambapo hata aliye nyuma anaona.

Wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu. Leo tutasoma historia ya ua. Ua hili ni dogo, laweza kulala katika kiganja cha mtoto. Lakini limepita nchi nyingi, limeingia katika vita vikuu vya dunia, limewapa watu fedha, na limewaacha watu wengine na magunia yasiyo na mnunuzi. Jina lake ni pareto.

Tutauliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini bei ya ua lililochumwa katika shamba dogo la mlimani ilipanda na kushuka kwa ajili ya mambo yaliyotokea mbali sana? La pili: katika habari hiyo yote, ni jambo gani lililokuwa mikononi mwa mkulima mwenyewe?

1. Ua lenyewe

Pareto ni mmea mfupi, hufika magotini au hupita kidogo. Majani yake yamechanika-chanika, rangi yake ni kijani iliyochanganyika na kijivu. Ua lake lina vijani vyeupe pembeni na kiini cha manjano katikati. Asiyelijua hudhani ni ua la mapambo tu.

Mmea huu wapenda baridi. Ukiupanda Tanga au Dar es Salaam utapata majani, lakini maua hutayapata ya kutosha, maana usiku wa pwani una joto. Katika Afrika Mashariki pareto hustawi katika nchi ya juu, hasa mahali palipo mita 1,800 na zaidi juu ya bahari. Ile baridi inayowafanya mvute blanketi mwezi wa Julai ndiyo inayoamsha matumba ya pareto.

Ndani ya ua mna sumu ya kuua wadudu. Sumu hiyo haiko sana katika majani, wala katika shina. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 zimo katika vijimbegu vidogo vilivyo ndani ya kile kiini cha manjano. Inzi au mbu akiguswa na sumu hiyo huanza kutetemeka, kisha huanguka. Mishipa yake ya fahamu ni kama waya wa simu, na sumu ya pareto huifanya simu hiyo ilie bila kunyamaza mpaka mdudu ashindwe kuruka.

Kwa binadamu na wanyama wa kufugwa sumu hii si kali kama ilivyo kwa wadudu. Hata hivyo si maji ya kunywa. Wako watu wanaopiga chafya au kuwashwa ngozi wakishika maua mengi. Na samaki hawaiwezi kabisa. Kwa hiyo unga wa pareto haufai kumwagwa ziwani wala mtoni.

2. Lilikotoka

Asili ya ua hili ni Dalmatia, pwani ya nchi inayoitwa leo Kroatia, huko Ulaya. Huko liliota lenyewe katika vilima vya mawe. Katika karne ya 19 watu walilikausha, wakalisaga, wakauza unga wake mbali na karibu, ili kuua viroboto, kunguni na chawa.

Kutoka huko mbegu zilisafiri. Mwaka 1886 mfanyabiashara mmoja wa Japani, jina lake Ueyama Eiichiro, alipata mbegu za pareto kutoka Marekani. Akazipanda, akawafundisha wakulima wa nchi yake. Mwaka 1890 akatengeneza vijiti vya kuchoma vyenye unga wa pareto, ili moshi wake ufukuze mbu. Vijiti vile viliisha upesi, kabla ya usiku kwisha. Baadaye mke wake, Yuki, akatoa shauri kwamba kijiti kirefu kikunjwe kama nyoka aliyejikunja, kiweze kuwaka muda mrefu. Dawa hiyo ya mduara ilianza kuuzwa mwaka 1902. Mnaifahamu, maana mpaka leo twaona miduara kama hiyo madukani. Tofauti ni kwamba mingi ya siku hizi haina tena pareto ya ua.

Kufikia miaka ya 1930 Japani ilikuwa nchi ya kwanza duniani kwa kuuza pareto. Shikeni jambo hilo, maana tutalirudia.

3. Pareto yaja Afrika Mashariki

Mwaka 1928 mlowezi Mwingereza, Gilbert Walker, alileta mbegu za pareto Kenya, upande wa Nakuru. Nchi ile ya juu ikaukubali mmea. Tena ilionekana kwamba maua ya Afrika Mashariki yalikuwa na sumu nyingi kuliko ya Japani. Sababu nyingine ni kwamba huku kwetu, karibu na Ikweta, hakuna majira makali ya theluji. Mmea hutoa maua miezi mingi ya mwaka, wakati huko Ulaya na Japani huchumwa katika msimu mfupi tu.

Zao likavuka mpaka likaingia Tanganyika. Huku lilipandwa katika miinuko ya kaskazini, yaani upande wa Kilimanjaro, Arusha, Oldeani na Mbulu, na katika nyanda za juu za kusini, yaani Iringa, Njombe na Mbeya. Mwanzoni lilikuwa hasa zao la mashamba makubwa ya walowezi. Waafrika walifanya kazi ya kuchuma kwa mshahara. Wakulima wadogo walipata nafasi yao zaidi baadaye, hasa tangu miaka ya 1950.

Kisha vita vikuu vya pili vikaja. Mwezi wa Desemba 1941 Japani iliingia vitani dhidi ya Marekani na Uingereza. Mlango wa pareto ya Japani ukafungwa kwa mataifa hayo. Na majeshi yao yalikuwa yakienda kupigana katika nchi za mbu. Malaria iliwaangusha askari wengi. Chawa nao walileta homa mbaya.

Basi macho yakageuka Afrika Mashariki. Maua yalihitajiwa kuliko yalivyopatikana. Marekani wataalamu walitengeneza kopo la chuma lenye dawa ya pareto na gesi iliyoshindiliwa. Ukifungua kizibo, dawa hutoka kama ukungu na kuenea katika hema. Makopo ya namna hiyo yalitengenezwa kwa mamilioni.

Ndani ya makopo hayo mlikuwa na kitu kingine mnachokijua vizuri, nacho ni mafuta ya ufuta. Mwaka 1940 iligunduliwa kwamba mafuta ya ufuta yakichanganywa na pareto huiongezea nguvu. Ufuta peke yake hauui inzi, lakini humsaidia mwuaji. Hilo nalo tutalirudia.

(Hapa somo lasimama kidogo. Kiongozi wa darasa aulize: Kwa nini vita vya mbali vilimhusu mkulima wa pareto wa Afrika Mashariki? Watu watatu wajibu.)

4. Kazi ya nyumbani: kupanda, kuchuma, kukausha

Tuache kidogo habari za dunia, tuingie shambani. Maana ua haliendi vitani lenyewe. Kwanza lazima mtu aliinamie.

Pareto yaweza kupandwa kwa mbegu katika kitalu, kisha miche ihamishwe. Yaweza pia kupandwa kwa kugawa shina la mmea mkubwa, kila kipande kiwe na mizizi yake. Mkulima mwenye busara huchagua mashina yanayotoa maua mengi. Shamba huwekwa mahali pasipotuama maji. Watu wa Iraqw, ambao wazee wao walijua tangu zamani kuzuia maji ya mvua yasichukue udongo wa mteremko, hawakuhitaji kufundishwa sana katika jambo hilo.

Baada ya miezi 3 au 4 tangu kuhamisha miche, maua ya kwanza hufunguka. Tangu hapo mchumaji hupita shambani kila baada ya wiki 2 au 3. Shamba moja laweza kuchumwa miaka 3 hivi kabla ya kupandwa upya.

Kuchuma kuna elimu yake. Tumba lililofunga bado halina sumu ya kutosha. Ua lililozeeka, ambalo kiini chake kimegeuka rangi ya udongo, limeanza kupoteza thamani. Ua la kuchuma ni lile ambalo vijani vyeupe vimelala sawasawa kama sahani, na katika kiini cha manjano mistari michache ya nje imefunguka. Hukatwa kwa kidole gumba bila kikonyo. Kikonyo huongeza uzito, lakini hakina sumu, na mnunuzi hatakishukuru.

Usichume wakati wa umande wala baada ya mvua. Maua hutiwa katika kikapu kilicho wazi. Usiyashindilie, wala usiyaache yamefungwa, maana maua mabichi yaliyorundikwa hupata joto lenyewe kwa ndani, kama samadi. Ukitia mkono utasikia moto. Moto huo ndio mwanzo wa hasara.

Sasa tuje katika kukausha, na hapa nawaomba msikilize sana. Katika ua bichi sehemu kubwa ni maji, zaidi ya robo tatu ya uzito wote. Kazi yako ni kuyatoa maji na kuiacha sumu. Ukichelewa, ua huvunda na kuota ukungu. Ukilikausha kwa moto mkali mno, sumu yenyewe huharibika. Kwa hiyo kukausha ni kazi ya kati na kati.

Wakulima wadogo hukausha nyumbani. Hutengeneza chanja ya miti iliyoinuliwa kutoka ardhini, wakatandika mkeka au kitambaa juu yake, ili hewa ipite juu na chini. Maua hutandazwa tabaka moja jembamba, yasilaliane. Hugeuzwa kwa mkono mara kadhaa kwa siku. Jioni huingizwa ndani, maana umande wa usiku mmoja waweza kuharibu kazi ya siku mbili. Ninyi mnaokausha vitunguu saumu mnafahamu desturi hiyo: jua la kutosha, hewa nyingi, na jicho la kutazama mawingu. Mahali penye mvua nyingi na ukungu, watu hujenga vibanda vya kukaushia kwa joto la moto wa polepole, na moshi hutolewa nje kwa bomba.

Utajuaje kwamba ua limekauka? Chukua moja, lisugue katikati ya vidole. Likisagika na kuvunjika-vunjika, limekauka. Likijikunja kama ngozi, bado. Maua makavu hutiwa katika gunia safi, yakawekwa mahali pakavu, mbali na sakafu. Wala usilale katika chumba kimoja nayo.

5. Mizani na karatasi

Tufanye hesabu kidogo. Kilo 4 au 5 za maua mabichi hutoa kilo 1 ya maua makavu. Tuchukue 4, ili hesabu iwe nyepesi. Mama aliyechuma kilo 80 atakuwa na kilo 20 za makavu. Na katika kilo 100 za maua makavu, sumu yenyewe kwa kawaida ni kilo 1 mpaka 2 tu. Nyingine zote ni takataka za ua, ambazo kiwanda huzitenga.

Sasa fikirini majirani wawili. Huu ni mfano wetu tu. Kila mmoja amepeleka kilo 20 za maua makavu. Maua ya wa kwanza yana sumu gramu 16 katika kila kilo. Maua ya wa pili, aliyechuma yaliyozeeka na kuyarundika usiku kucha, yana gramu 8. Mizani yasema wako sawa. Lakini wa kwanza ameleta gramu 320 za sumu, wa pili gramu 160. Mwenye kiwanda hanunui uzito. Ananunua sumu.

Na sumu haionekani kwa macho. Hupimwa na wataalamu katika chumba chao chenye chupa na mizani midogo. Mkulima hayupo pale. Anachopata ni karatasi yenye tarakimu: uzito, kiwango, bei. Asiyejua kusoma huikunja karatasi hiyo, akaitia mfukoni, akapokea anachopewa. Anayejua kusoma huitazama, akailinganisha na ya mwezi uliopita, akauliza: Kwa nini kiwango changu kimeshuka? Ni mvua? Ni kukausha? Au ni kosa la mwandishi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

6. DDT yaingia sokoni

Turudi katika habari za dunia. Wakati vita vilipokuwa vikiendelea, sumu nyingine ilikuwa njiani. Mwaka 1939 Mswisi mmoja, Paul Müller, aligundua kwamba dawa iitwayo DDT huua wadudu kwa nguvu kubwa. Mwaka 1948 alipewa Nishani ya Nobel kwa ajili hiyo. DDT hutengenezwa kiwandani. Haihitaji baridi ya mlima, wala kuchuma, wala chanja. Ni rahisi kwa bei, na ukiinyunyiza ukutani hukaa miezi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, DDT ikaenea dunia nzima. Bei ya pareto ikaanguka. Wakulima waliopanda kwa sababu ya vita wakaona soko linafungwa. Hawakuwa wamefanya kosa lo lote. Maua yao yalikuwa yale yale.

Lakini haikupita miaka mingi, na jambo la ajabu likaonekana. Kabla miaka ya 1940 haijaisha, huko Ulaya walionekana inzi wasiokufa kwa DDT. Walio dhaifu walikufa, walio na nguvu walibaki, wakazaa watoto wenye nguvu kama wao. Pareto ikatafutwa tena, na katika miaka ya 1950 na 1960 zao likapanda. Wakulima wadogo wa Kenya na Tanganyika wakaongeza mashamba, vyama vya ushirika vikakusanya maua, na Arusha kukawa na kiwanda cha kukamua sumu hiyo.

Mwaka 1962 mwanamke Mmarekani, Rachel Carson, alitoa kitabu kilichoeleza jinsi DDT inavyobaki katika udongo, katika maji na katika miili ya ndege. Watu wengi wakashtuka. Mwaka 1972 Marekani ilikataza DDT mashambani. Mkulima wa pareto aliyesikia habari hizo katika redio angeweza kufikiri kwamba sasa amani imefika. Haikuwa hivyo.

7. Ua la kiwandani

Pareto ina udhaifu mmoja, nao ndio wema wake pia. Sumu yake ikipigwa na mwanga wa jua huvunjika upesi. Ndiyo sababu haibaki katika udongo miaka mingi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haifai kumlinda mkulima wa pamba kwa wiki nzima.

Wataalamu walikuwa wamejua tangu 1924 jinsi sumu ya ua ilivyoungwa. Wakajaribu kuiga. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, katika kituo cha Rothamsted huko Uingereza, walitangaza sumu ya kiwandani iliyofanana na ya pareto, lakini iliyovumilia jua. Iliitwa permethrini. Baada yake zikaja nyingine za jamaa hiyo. Ua likawa limeigwa, na mwigo ukawa rahisi kuliko ua.

Wakulima waliumia tena. Kenya, iliyokuwa imeuza kuliko nchi zote, iliona mashamba yakipungua sana katika miaka ya 1990 na baada yake. Malipo yalichelewa, na watu wengi waling'oa pareto wakapanda viazi. Rwanda nayo ilikuwa imetoa ardhi nyingi kwa zao hili: mwaka 1969 kiasi cha hekta 10,000 kilikatwa kutoka Hifadhi ya Volkano, makao ya masokwe, ili kipandwe pareto. Tangu miaka ya 1980 Tasmania, kisiwa cha Australia, ilianza kulima pareto kwa mashine, ikawa muuzaji mkubwa. Huku Tanzania zao likabaki zaidi katika nyanda za juu za kusini, na kiwanda chake kiko Mafinga, Mkoa wa Iringa.

Hata hivyo pareto ya ua haikufa. Wako wanunuzi wanaoitaka kwa sababu huvunjika upesi: wenye maghala ya chakula, na wakulima wasiotumia sumu za kiwandani.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tazameni kitanda chenu. Wengi mna chandarua chenye dawa. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z, pale Arusha, kilianza kutengeneza vyandarua ambavyo dawa imetiwa ndani ya uzi wenyewe. Elimu ya kuvitengeneza ilitoka kwa kampuni ya Sumitomo ya Japani. Na dawa iliyotiwa katika uzi ilikuwa permethrini, yaani ule mwigo wa ua la pareto. Mnaona duara hilo? Mbegu zilitoka Ulaya zikafika Japani. Vita vikaifunga Japani, mashamba yakakua Afrika Mashariki. Na miaka sitini baadaye kivuli cha ua kikarudi kutoka Japani mpaka Arusha, kikalinda watoto wetu na mbu.

Habari haikuishia hapo. Mbu nao, kama inzi wa zamani, wamejifunza kuvumilia dawa za jamaa hii. Wataalamu wakakumbuka ufuta. Baada ya 1940 walikuwa wametafuta vitu vingine vyenye kazi kama ile ya mafuta ya ufuta, na mwaka 1947 wakapata kimoja kiitwacho piperonili butoksidi. Sasa kimetiwa katika vyandarua vipya pamoja na permethrini. Majaribio yalifanywa hapa hapa Tanzania, Muleba, Mkoa wa Kagera, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018: watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye msaidizi huyo walipata malaria kidogo kuliko waliotumia vile vya kwanza.

8. Tumejifunza nini?

Tulianza kwa maswali mawili. La kwanza tumelijibu. Bei ya pareto iliamuliwa na vita, na Müller, na Elliott, na inzi wa Ulaya. Hakuna mkulima wa Mbulu aliyeulizwa. Ni uchungu, lakini ni kweli, na afadhali tuijue kuliko kudhani kwamba bei hushuka kama mvua tu, bila sababu.

Jibu la swali la pili ni fupi. Kilichokuwa mikononi mwa mkulima ni siku ya kuchuma, chanja, kugeuza maua, kuyaingiza ndani kabla ya umande, na kuisoma karatasi ya malipo. Mambo hayo hayakumzuia Müller. Lakini bei ilipokuwa nzuri, yalimtenga aliyelipwa vizuri na aliyelipwa nusu. Na bei ilipoanguka, aliyekuwa na daftari aliona mapema, akapanda viazi na maharage katika nusu ya shamba kabla ya kushikwa na njaa.

Leo huenda huko kwenu hamlimi pareto. Mwalima vitunguu saumu, mahindi, maharage, ngano. Lakini kila zao la kuuza lina Müller wake mahali fulani. Basi uliza: Nani hununua zao langu? Hulifanyia nini? Ni kitu gani hasa anachokilipia, uzito au kilichomo ndani? Anayejua kusoma aweza kutafuta majibu mwenyewe.

Maswali ya darasa

1. Ni sehemu gani ya ua la pareto yenye sumu nyingi?
2. Kwa nini pareto haistawi pwani?
3. Taja mambo mawili yanayoharibu maua baada ya kuchumwa.
4. Hesabu: ukichuma kilo 120 za maua mabichi, na kilo 4 hutoa kilo 1 ya makavu, utapata kilo ngapi za makavu? Kama kila kilo ina gramu 15 za sumu, umepata gramu ngapi kwa jumla?
5. Zungumzeni: kwa nini majirani wawili waliopeleka uzito sawa walilipwa tofauti?
6. Andika sentensi tatu juu ya zao unalouza wewe. Ya kwanza iseme nani hulinunua. Ya pili iseme hulitumia kwa kazi gani. Ya tatu iseme kazi gani ya nyumbani kwako hulipa thamani.

Yeyote aliye na stakabadhi ya mauzo nyumbani, ya zao lo lote, aje nayo katika kipindi kijacho. Tutajifunza kuisoma mstari kwa mstari. Kwa herini, ndugu wasikilizaji.